Mwaka Niliohamia Marungu

Mume wangu alipofariki nilibaki katika chumba cha kupanga pale Voi, nikiuza nguo sokoni na kuogopa kila uamuzi. Mwaka mpya ulipoingia niliazimia, nikiwa kanisani, kuhamia shamba letu la Marungu nilime mwenyewe. Nilipomwambia dada yangu, aliweka kikombe chini.

"Huko kuna ndovu. Na wewe uko peke yako."

"Najua," nikasema. Sikuwa najua.

Nilihama mvua zilipoanza. Nyumba ilikuwa ya mabati, jiko likiwa kando, uani. Nilipanda mahindi na pojo. Jirani yangu, mama mmoja Mkamba mwenye mbuzi, alinifundisha kuning'iniza makopo kwenye ua, yagongane mnyama akigusa.

Jioni moja, jua halijazama, nilikuwa nasonga ugali nikasikia makopo. Halafu kimya. Nikachungulia mlangoni. Ndovu alikuwa amesimama kati ya jiko na nyumba, karibu sana hata niliona matope yaliyomkaukia masikioni. Nilitaka kusali, maneno yote yakanipotea, nikabaki kulitaja jina la marehemu moyoni.

Sauti ya jirani ikaja kutoka ng'ambo ya ua, ya chini kabisa. "Dada, usitoke. Usikimbie. Kaa chini, mwache apite."

Nikakaa sakafuni. Ndovu alijisugua kwenye jiko, mabati yakatetemeka juu ya kichwa changu. Kisha nikasikia tangi la maji likianguka, akinywa, halafu mahindi yakivunjika, taratibu, kama mtu aliye kwake.

Alipoondoka, jirani alinikuta palepale, ugali umeungua. Nilimpigia dada simu. "Kesho narudi."

"Njoo," akasema. Hakunisuta.

Asubuhi nilikuwa nafunga mizigo jirani alipoingia na jembe. "Mahindi yaliyolala hayajakufa yote," akasema. "Njoo tuyainue."

Tuliinama kutwa nzima, tukiyasimamisha na kuyafukia mashina. Gari la Voi lilipiga honi barabarani, likapita. Si kwamba nilikuwa jasiri. Nilikiogopa kile chumba cha kupanga kuliko ndovu, basi.

Nilivuna kidogo, nikabaki. Mpaka leo napika mapema, na jua likianza kushuka huwa niko ndani, mlango nimefunga, roho mkononi, nikisikiliza.