Uzi wa Mwarobaini wa Mke Mwenzangu

Mimi kusoma sikusoma sana. Juzuu niliishia ya tatu, na herufi hizi za kizungu nimezijua ukubwani, kwa hiyo mtanivumilia nikipinda njia. Nataka kusema habari ya mwarobaini. Lakini siwezi kuusema mwarobaini bila kumsema mke mwenzangu, na huyo nilimwonea wivu mpaka nikawa silali. Ameshakufa, Mungu amrehemu. Wivu bado ninao.

Ilikuwa wakati wa vita ya Mreno. Walitutoa mashambani, upande wa Olumbi, wakatuweka katika aldeamento, kijiji kilichozungushiwa waya, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Asubuhi unatoka kwa ruhusa, alasiri uwe umerudi. Porini huendi, na dawa za porini zikaishia hapo. Ndani ya waya ulibaki mti mmoja wa dawa, mwarobaini, na viwanja vilipogawiwa uliangukia uani kwa nani? Kwake. Mke mdogo, mtu wa Quiterajo, hana hata mtoto. Mimi mke mkubwa nilipewa kiwanja chenye kichuguu. Kichuguu kile nacho kina visa vyake, kumbikumbi wake walikuwa watamu, lakini tuache.

Watu wakiugua homa walikwenda kwake. Alichuma majani, akahesabu, akachemsha, akapima kwa kikombe kimoja cha bati. Halafu alifanya jambo ambalo sikuliona kwa mganga mwingine. Alikuwa na kamba ndefu ya uzi. Mgonjwa akipona, anafunga fundo jeupe. Akidhurika, fundo jeusi. Watu husema mti ule unaponya maradhi arobaini. Yeye alisema, "Mimi nimeona matatu. Hayo mengine sijayaona."

Na uzi alipewa na nani? Bwana wetu alikuwa fundi cherehani. Mimi nikiomba uzi wa kushonea kanga iliyochanika, naambiwa uzi umekuwa adimu, barabara ina mabomu, malori hayaji. Yeye anapewa mweupe na mweusi, kibunda kizima. Nilihesabu mafundo yale kama mtu anayehesabu matusi.

Siku moja akaja mganga wa hospitali, tukimwita enfermeiro, amekuja kumkataza. Alimkuta uani anaanika majani. Mimi nilijisogeza na ungo wangu, eti napepeta mchele. Mchele ulikuwa umeshapepetwa.

"Mama, utaua watu," enfermeiro akasema.

"Nimeshadhuru, sikatai," akajibu, akamwekea ile kamba mkononi. "Fundo hili jeusi ni mtoto wa kunyonya. Mama yake alimpa mafuta ya mbegu kwa kijiko, akashikwa na degedege. Tangu hapo mtoto mchanga simpi kitu cha mti huu."

"Na hili la kwanza kabisa?"

"Hilo ni la zamani," akasema, akalivuka.

Nilidhani atafukuzwa. Enfermeiro akaomba kiti. Akakaa mpaka adhuhuri, anaandika katika daftari, na jioni bwana wetu hakuwa na habari nyingine mdomoni. "Enfermeiro amesema hivi, enfermeiro amemsifu hivi." Ilikuwa zamu yangu siku ile. Nilimpa wali bila mchuzi.

Sasa nisikilizeni. Mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, baada ya miaka mingi ya kukaa bure. Nilikuwa sijapata kitu cha kumshinda yule mwanamke, na sasa nimekipata. Kisha homa ikanipata. Nikameza kiburi, nikaenda kwake.

Akanitazama tumbo. "Dada, wewe sikupi."

"Kijiji kizima unakipa, mimi hunipi?"

"Mwenye mimba simpi. Nenda kwa enfermeiro, dada yangu, nitakusindikiza."

"Unalionea kijicho tumbo langu," nikamwambia. "Ungekuwa na lako ungenipa."

Hakujibu. Na mtu asiyejibu humwachia mwenzake uwanja wa kuwaza mabaya. Kesho yake alipokwenda kupanga foleni ya maji, niliingia uani kwake nikavunja matawi, nikabandua na magome. Sikuhesabu jani. Nilichemsha sufuria zima, nikanywa siku mbili, uchungu unanitoka puani, na kila nikimeza najiambia: nimekuibia, na nitazaa.

Siku ya tatu damu ikatoka. Mimba ikaenda.

Aliyeniogesha ni yeye. Magome aliyaona jikoni. Akaketi miguuni pangu na kamba yake, akafungua uzi mweusi, akasita. Akachukua na mweupe, akazifunga zote mbili fundo moja.

"La nini hilo la rangi mbili?" nikamuuliza.

"Homa nayo hutoa mimba, dada. Sijui ni homa, sijui ni majani. Nikifunga jeusi tupu nitakuwa nimesema uongo." Halafu akashika lile fundo la kwanza, alilolivuka mbele ya enfermeiro. "Hili ni langu. Kule Quiterajo, kabla ya kuolewa hapa. Nilikuwa na mimba, homa sikuwa nayo. Nilikunywa tu, nikiambiwa ni dawa ya kusafisha damu. Ndiyo maana nilikunyima."

Siku hizi vijana wa zahanati wanasema mti ule umepimwa kwa vyombo, na mwenye mimba asiunywe, na mtoto mchanga asipewe mafuta yake. Nawaambia tulijua. Sisemi alijua nani.

Nitawaambia na la aibu. Siku ile nimelala pale, kitambaa cha damu hakijakauka, nililitazama fundo lake jeusi, jeusi kweli, halina shaka, halafu nikalitazama langu. Nikamwonea wivu. Hata katika msiba alikuwa amenitangulia, na wake ulikuwa na jibu.

Kamba ile ninayo mimi. Aliniachia alipokufa. Fundo la rangi mbili liko moja tu.