Walikohamia Rafiki Zangu

Tangu hatujaoa, Jumapili asubuhi tulikuwa wanne katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Mkomani. Mmoja wetu ana duka la vitambaa, mmoja ni fundi wa injini za boti, mmoja anafundisha madrasa, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Baadaye kila mmoja alipata mke na chai yake nyumbani, na wake zetu walituuliza mara nyingi hiyo chai ya nje ina nini. Haikuwa na kitu. Mahamri ya pale yalikuwa magumu kuliko ya nyumbani, na mbaazi zilitiwa tui jepesi. Tulichokifuata ni kukaa pamoja. Fundi wa boti alikuwa akiwaigiza abiria wanaoshuka kwenye gati ya Mtangawanda, hasa bibi mmoja aliyekataa kuondoka chomboni mpaka mbuzi wake ashushwe kwanza, tena kwa heshima. Mwenye duka alicheka mpaka akatokwa na machozi, akimwomba mwenzake anyamaze ili apate kumeza.

Mke wangu alipougua figo, rafiki hawa hawakuniacha. Kila tulipokwenda Mombasa kwa matibabu, fundi alituvusha mwenyewe kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kupanda basi, alfajiri, na mwenye duka alimshika mgonjwa mkono kwenye ngazi za gati kama dada yake. Mwalimu wa madrasa alikuja kumsomea jioni. Mke wangu alipofariki, wao ndio walioshika ncha za shuka iliyositiri kaburi wakati mimi na shemeji zangu tukimlaza. Nayasema haya ili mtu asidhani nilikuwa na marafiki wabaya. Wangekuwa wabaya, ingekuwa rahisi kwangu.

Mwanamke akifiwa na mumewe hukaa eda, na watu wote hujua yuko katika jambo gani, waseme naye vipi na wamwendee lini. Mwanamume hupewa mkono wa tanzia, kisha baada ya muda mfupi huulizwa ataoa lini. Mimi nilirudi shuleni, na Jumapili nikarudi mkahawani, kwa sababu nyumbani sikuweza kuyatazama meko.

Pale mezani nilimzungumza mke wangu. Nilisema alivyokuwa akipika mkate wa kumimina, alivyomjibu daktari aliyemkemea, maneno aliyoniambia ndani ya basi tukirudi mara ya mwisho. Wao walisikiliza. Mwalimu wa madrasa alisema, "Allah amrehemu," na wengine wakaitikia, kisha kila mtu akatazama kikombe chake. Fundi hakuigiza tena mtu yeyote. Niliona kuwa ni adabu yake, nikamshukuru moyoni.

Kisha zikaanza sababu. Fundi alisema ana wakwe Chundwa na lazima awatembelee Jumapili. Mwenye duka goti lilimsumbua. Mwalimu wa madrasa alikuwa amefungua darasa la asubuhi, ingawa sikuwahi kumwona mwanafunzi aliyekwenda huko. Nikawa nakaa peke yangu kwenye meza ya watu wanne. Bi mwenye mkahawa alikuja kuniuliza leo wenzangu wako wapi, na mimi nikawatetea kwa sababu zao wenyewe, moja moja, goti na wakwe na darasa. Baadaye akaacha kuuliza. Akawa ananiletea chai bila maneno, na kunipa hamri la ziada ambalo sikuliomba. Lile hamri lilinikera, lakini nilikula.

Jumapili moja mama mkwe wangu, anayekaa mtaa wa Gardeni, aliomba nimpelekee dawa yake ya presha. Nilipokaribia kona ya nyumba yake nikasikia kicheko cha mwenye duka. Nimekijua kicheko kile tangu utotoni. Huanza na kikohozi. Nilisimama. Kulikuwa na mkahawa mpya, mabenchi yake yametolewa nje chini ya turubai, na pale walikuwa wamekaa wote watatu. Fundi amesimama nusu, mikono ameikunja kifuani kama amekumbatia mnyama, sauti ameifanya nyembamba. Alikuwa akimwigiza yule bibi wa mbuzi. Na mahali pangu, mkono wa kulia wa mwenye duka, alikaa mtu mwingine, muuguzi kijana wa kutoka Ndau aliyehamishiwa kazi mjini.

Ningeweza kurudi nyuma. Lakini muuguzi aliniona, akanijua, maana ndiye aliyekuwa akimpima mke wangu mwishoni, akainuka kwa heshima kunipa mkono.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Ndoo ukae kitako. Sisi kila Jumapili twakutana hapa, wewe mbona hatukuoni?"

Hakujua alichokisema. Alikuwa mkweli tu. Wale watatu hawakuniangalia, na fundi alishusha mikono yake polepole. Nikakaa, kwa sababu kuondoka kungekuwa kuwaambia kitu, na sikutaka kuwapa hata hicho. Wakaniagizia chai na viazi vya karai. Mwenye duka aliniuliza habari za mama mkwe, nikamwambia ni mzima. Aliniuliza habari za shule, nikamwambia ni njema. Goti lake sikumuuliza. Muuguzi alimwomba fundi amalizie kisa cha mbuzi, na fundi akasema kimekwisha, hakina mwisho wa maana. Hapo ndipo nilipofahamu. Nilikuwa nimeketi kwa muda mfupi tu na tayari pale mezani pamekuwa matangani. Nilikunywa chai yangu yote ingawa ilikuwa ya moto, nikapeleka dawa.

Alasiri yake, baada ya sala, mwalimu wa madrasa alinifuata barazani kwangu. Alikaa akizungusha tasbihi.

"Usituone vibaya," akasema mwishowe. "Tulikuwa twataka kucheka kidogo. Tukikaa nawe, mtu akicheka huona amemkosea marehemu. Tukasema tukupe nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kupoa."

"Na nikishapoa, nani angekuja kuniambia mumehamia Gardeni?"

Alisema yeye binafsi alikuwa akiona tabu kila wiki, na kwamba wengine pia waliona tabu. Niliona anataka nimwambie si kitu. Ni neno jepesi, tunaambiana kila siku mtu akikukanyaga mguu. Sikulisema. Alipoinuka aliniombea dua, nami nikaitikia amina, kwa kuwa dua haina kosa.

Jumapili iliyofuata walirudi Mkomani wote watatu, mapema, wamevaa kanzu safi kama watu waendao kutoa pole. Bi mwenye mkahawa alifurahi, akawaletea maini ya kukaanga kabla hawajaagiza. Walimtaja mke wangu wao wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na wema wake wa kumkumbuka. Nilitambua kwamba walikuwa wamepangana kabla ya kuja. Mimi nikamwomba fundi atuigizie bibi wa mbuzi. Akakataa kidogo, kisha akaigiza, na wale wawili wakacheka kwa nguvu, macho yao usoni kwangu, wakingoja nami nicheke. Nilicheka. Kilitoka kicheko kibaya, na sote tulikisikia.

Nikawaambia kwamba Jumapili zangu zimeanza kuwa na kazi nyingi, madaftari ya wanafunzi, wasiningoje. Nilidhani angalau mmoja atabisha. Mwenye duka akasema, "Hata sisi twaona kazi yako ni nzito," na akamwita bi mwenye mkahawa aongeze chai. Alikuwa mwepesi mno kulisema. Yale ya Gardeni niliweza kuyabeba. Wepesi ule ndio ulioniuma, na bado waniuma.

Sasa Jumapili nachemsha chai mwenyewe. Na hao bado ni rafiki zangu. Mtu akiuliza mjini ataambiwa hivyo. Twapeana mikono msikitini. Binti wa fundi alipoolewa niliwekwa mbele pamoja na wazee wa karibu.

Mwaka jana mwenye duka alifiwa na mamake. Nilikaa naye matangani siku zote. Baada ya watu kutawanyika, Jumapili moja asubuhi akaja barazani kwangu peke yake, macho mekundu, akasema kule Gardeni hawezi kukaa, kelele zao zinamchosha. Nikamkaribisha. Nikamtilia chai. Alizungumza habari za mamake mpaka jua likaingia barazani tukasogea ndani, na mimi nilisikiliza kila neno, nikamuuliza na maswali. Kabla ya kwenda alinishika mkono akaniambia, "Wewe ndiwe uyajuaye mambo haya." Jina la mke wangu hakulitaja.

Alikuja tena wiki ya pili, na ya tatu. Ya nne sikumwona. Nilipokutana naye sokoni nilimuuliza kama ni mzima, akasema alhamdulillahi amepoa, amerudi kwa wenzake, na fundi amepata kisa kipya cha abiria ambacho lazima siku moja nikisikie.