Mama Mkwe Anakula Kwa Mkono Wangu Tu

Admin, nifiche kabisa, huku Malaba tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, nashughulikia karatasi za malori hapa mpakani. Niko na mke, watoto wawili, na tangu mwaka jana tunaishi na mama mkwe.

Najua mshaanza kushangaa. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwe wake, hata kusalimiana kwa mkono ni shida. Lakini huko kwao Namboboto mashemeji walikuwa wanamfungia chumbani, eti amerogwa, juu alikuwa anatoka kila saa kumtafuta marehemu mumewe. Mke wangu alilia sana, nikasema aje tu.

Daktari alitueleza vizuri kwamba ni ugonjwa wa kusahau. Ndani ya seli za ubongo kuna protini inayozishikilia zisimame, kama fito kwa nyumba ya udongo. Ya mama imebandikwa fosfeti kupita kiasi, ikaachia, ikajisokota mafundo, na seli zinakufa. Hakuna dawa ya kuyafungua, alimpa tu za kumtuliza. Nikampigia shemeji mkubwa nimweleze, akanirukia: "Fosfeti si ni mbolea? Umemlisha mama yetu mbolea!" Jameni! Mimi tena!

Sasa aibu yangu ni hii. Mama ananiita kwa jina la marehemu mumewe. Alikuwa amekataa chakula cha kila mtu, hata cha bintiye, akabaki mifupa. Siku moja mke akiwa sokoni Busia, nikafunga mlango, nikashika kijiko, nikaitikia hilo jina. Alikula ugali wote na omena, akanishika shavu, akacheka. Tangu hapo namlisha kila mchana kwa siri.

Mke anadhani ni zile dawa za kumtuliza zimefanya kazi. Juzi ameniambia kwa furaha, "Baba watoto, vile mama ameanza kula, hata nyumbani Namboboto ataweza. Jumamosi ndugu zangu wanakuja kumchukua, majirani waache kutucheka."

Nikifungua mdomo, nimevunja heshima ya ukwe, na hii ndoa sijui kama itabaki. Nikinyamaza, huko atakufa njaa. Nimebanwa mpaka usingizi umenihama. Leo nikimlisha ameniuliza, "Mume wangu, kwani tunahama?" Nikamwambia hatuhami.

Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumamosi. Niseme, ama nimbebee mfuko wake mpaka kwa gari?