Penang Ni Mbali

Mangasi, fundi viatu wa Simalingkar hapa Medan, alikuwa na kipimo chake cha umbali. Balige, kwao, ni saa sita za basi, kona juu ya kona, lakini kwake Balige ilikuwa hapo tu. Akipata habari ya msiba asubuhi, jioni yuko matangani. Penang, ng'ambo ya bahari, anakoishi binti yake Rumondang, ndege haimalizi hata saa moja. Hiyo ndiyo ilikuwa mbali. Pakitakiwa ndege, alisema, ni mbali, basi. Kwa hiyo miaka sita hakwenda.

Lakini mimba ya Rumondang iliingia mwezi wa saba, na kwetu sisi Wabatak mwezi huo baba humfunika binti yake ulos, nguo nzito ya kufumwa, ili roho yake iwe imara siku ya kujifungua. Ulos hapewi mtu mwingine aipeleke. Mkono wa baba ndio unaofunika. Mwezi wa saba ukapita, na wa nane nao ukapita.

"Baba, njoo kabla mtoto hajaja," Rumondang alilia kwenye simu. "Ni dakika arobaini na tano tu!"

"Dakika zenyewe za angani, mwanangu," Mangasi akajibu. Hata hivyo akakata tiketi.

Sasa, safari ya mbali haianzi hivi hivi bila watu kuagana. Siku ya kuondoka ukoo ulijaa sebuleni. Ukaliwa wali na samaki wa manjano, kisha zikaja hotuba. Kila upande una msemaji wake, na kumruka mmoja ni kununua ugomvi wa miaka. Mzee Bonar, kaka yake Mangasi, alikuwa akihesabu mababu wa ukoo katika hotuba yake, bado yuko kwa babu wa tatu, pale Tiarma, mke wa Mangasi, aliponong'ona, "Shemeji, ndege."

"Mtu anavuka bahari, wewe unaniletea mambo ya saa!" Bonar akamkaripia. "Na ndege gani hiyo isiyo na adabu, haisubiri mtu aagwe?"

"Haina ukoo, shemeji."

Haikusubiri.

Kesho yake Mangasi alipanda nyingine, ulos kifuani, kifurushi cha wali mapajani. Akafunga mkanda, akasali sala ndefu kidogo. Alipofumbua macho akapewa maji, na kabla hajamaliza kikombe ndege ikagusa chini. Abiria wakasimama. Yeye akafungua wali wake, maana basi la Balige nalo husimama njiani ili watu wapate kula.

"Mzee, tumefika," mhudumu akamwambia.

"Wapi, binti?"

"Penang."

"Penang hii hii?"

"Kwani wewe ulikuwa unakwenda ipi?"

Mangasi akaufunga wali polepole. Njaa ilikuwa imemtoka.

Rumondang alikuwa amejifungua alfajiri ile, mtoto wa kike. Mangasi akasimama kando ya kitanda na ile nguo ya mwenye mimba mikononi, hajui amfunike nani. Mwishowe akawafunika wote wawili.

"Baba, mbona umechelewa?"

"Mbali, mwanangu," akasema, ulimi umeshazoea. Rumondang akacheka, machozi yakimtiririka.

Simu ikaita. Ni Bonar. "Umefika salama huko mbali? Hotuba yangu sikuimaliza, ujue!"

Mangasi akamtazama mjukuu wake. "Njoo uimalizie huku, kaka," akasema. "Ni hapo tu."