Toleo la Kwanza Bado Lina Kazi

Hebu fikirini chumba kidogo cha kompyuta pale mtaani Bombambili. Karani wa hospitali anaitoa kompyuta yake, inayotumia mfumo wa Linux, kwenye kitenge alichoifungia na kumkabidhi fundi, msichana mmoja.

“Binti, futa toleo la kwanza la kifurushi hiki cha programu, niwekee la pili. Mambo yamebadilika.”

Fundi akatikisa kichwa. “Mama, kwanza tuiulize kompyuta nani analitegemea.”

Akaandika amri moja. Kioo kikajibu: programu ya dozi za wagonjwa wa kifua kikuu inahitaji toleo la kwanza, si jingine.

Karani akashika mdomo. “Kumbe! Kesho muuguzi angesoma dozi wapi?”

“Programu isingefunguka, mama.”

Siku hizi bidhaa mpya zimejaa sokoni, nasi tunazionea aibu za jana. Nawaomba mkumbuke jambo moja: kabla ya kuondoa cha zamani, ulizeni nani bado anakitegemea.