Ng'ombe wa Mahafali Yetu

Mahafali ya mwaka uliotangulia yalikwisha kwa mawe, na jiwe la kwanza nililirusha mimi. Nilikuwa kidato cha tatu. Mtoto mmoja wa mji wa Konde alinicheka viatu vyangu mbele ya wasichana, nami sikuwa mtu wa kuchekwa. Baada ya mawe zikaja ngumi, na nilimvunja jino. Mama aliitwa ofisini, akakaa mbele ya mwalimu mkuu kichwa chini, akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya yeye. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja skuli. Zote tatu aliitwa kwa ajili ya ngumi zangu.

Basi nilipofika kidato cha nne nikagombea uenyekiti wa kamati ya mahafali, watu walicheka. Wacheke! Mimi nilikuwa na jambo langu moja. Nilitaka Mama aje mara ya nne kwa miguu yake mwenyewe, bila kuitwa na mtu, amevaa vizuri, asikie mwanawe akisifiwa kwenye kipaza sauti. Nililitaka hilo kuliko cheti.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshayafuta mahafali. Nilimwendea siku tatu mfululizo. Siku ya tatu akaitupa bakora yake mezani.

"Haya, fanyeni. Lakini ikitoka damu ya mtu, hata tone moja, ndiyo basi tena. Na mama yako namwita."

"Haitatoka, mwalimu."

Kamati ikanichagulia makamu. Nani? Yule yule mtoto wa Konde, na pengo lake. Subhanallah! Kila kikao tulikuwa tunagombana. Yeye alitaka spika kubwa, mimi nikataka zumari na ngoma, maana wazee wetu wakisikia spika wangeondoka kabla ya chakula. Nilishinda kwa kuipiga meza ngumi mpaka mguu wake mmoja ukakatika. Meza, nilijiambia, haina damu.

Ng'ombe wa pilau nilimtafuta mwenyewe. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa na dume mweusi, shingo nene, macho mekundu. Akaniambia, "Huyu nilimlea kwa mchezo. Keshatoboa mapaja ya watu wawili." Kwetu Pemba nani asiyeujua mchezo wa ng'ombe? Dume anatiwa kamba, zumari linalia, vijana wanaingia uwanjani na vitambaa kumchokoza. Ng'ombe aliyezoea hayo, zumari kwake ni vita. Nililijua hilo tangu utoto. Lakini sifa zilinipanda kichwani, nikawa naona tu jinsi wenzangu watakavyosema mwenyekiti kaleta dume hasa.

Mama aliuliza, "Ng'ombe gani huyo?"

"Ng'ombe tu, Mama. Kesho ni pilau."

Asubuhi ya siku yenyewe Mama alitangulia na kina mama wenzake kumenya thomu ya pilau nyuma ya madarasa, kajifunga kanga mpya. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mfenesi, hatua chache kutoka walipokaa. Mchinjaji alichelewa. Mpiga zumari aliwahi. Akapanda barazani, akalitia zumari mdomoni kulijaribu.

Ng'ombe akainua kichwa. Akavuta mara moja tu, kamba ikakatika, ingawa hilo nilikuja kuambiwa baadaye. Alipita katikati ya mafiga, masufuria yakaruka, mchele ukamwagika mchangani, pembe ikalipasua turubai toka juu mpaka chini. Kina mama wakapiga mayowe. Na yule mpiga zumari, kwa mazoea yake ya uwanjani, akadhani mchezo umeanza, akazidi kupuliza!

Nilimtafuta Mama kwa macho, sikumwona. Niliyemwona ni makamu wangu, kasimama chini ya mfenesi, kipande cha kamba mkononi.

"Wewe ndiye uliyemfungua!"

"Nimeikuta imekatika, wallahi..."

Sikumngoja amalize. Nilimpiga ya pua, nikampiga ya mdomo, pale pale penye pengo. Akaanguka. Nikamkalia kifuani nikaendelea kumshindilia, na nasema kweli, niliona raha. Mwaka mzima nilikuwa nimeuzuia mkono wangu.

Ghafla zumari likanyamaza. Mama alikuwa amepanda barazani, kamnyang'anya yule bwana zumari lake, kalivunja kwa goti. Yeye kakulia kijiji cha mchezo, alijua la kufanya. Ng'ombe akasimama katikati ya uwanja, anahema, hajui tena agombane na nani. Vijana wakaishika kamba iliyobaki shingoni wakamrudisha mtini.

Mwalimu mkuu akapita akiwatazama watu mmoja mmoja. Wote wazima. Ng'ombe yule, na pembe zake zote, hakumtoa mtu damu. Kisha akanifikia mimi, bado nimemkalia mwenzangu, shati langu jeupe limelowa damu isiyokuwa yangu.

Alimgeukia Mama, akasema kwa adabu, "Bi mkubwa, nakuomba ofisini."

Mama aliviweka vipande vya zumari chini taratibu, akajifuta mikono kwa ile kanga mpya, akatangulia. Hakuhitaji kuonyeshwa njia.