Mama Limi na Jumamosi za Jilala

Scolastika, tunayemwita Mama Limi, hana subira na mtu anayesema "tutaona." Hapa Segese alianza kwa kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, akanunua karasha, ile mashine inayoyavunja kwa kelele, na sasa kila Jumamosi watu huja kwenye kibanda chake kumweleza wanachotaka maishani. Alisomea kazi hiyo miezi sita Shinyanga mjini. Anajiita mkufunzi wa maisha. Mimi jirani yake, muuza chai, namwita mnoko, naye anacheka.

Maswali yake ni mawili tu: unataka nini, na utafanya nini kabla ya Jumamosi ijayo? Hosiana alitaka cherehani, na leo anashona sare za shule. Mama Limi alikuwa hajawahi kushindwa na mtu, na alipenda kulisema hilo.

Ndipo akaja Jilala. Nasimulia kwa ruhusa yake; chai anakunywa kwangu. Kifusi kiliwafunika yeye na mdogo wake Sostenes ndani ya duara, shimo lao la kuchimbia. Jilala peke yake ndiye aliyetolewa hai. Wenzake walimpa mwezi mmoja arudi kazini, la sivyo nafasi yake ipewe mwingine. Naye alitaka kurudi.

"Jumamosi hii shuka hatua tano tu," Mama Limi alimwagiza. Hakushuka. Wiki iliyofuata akaambiwa asimame tu mdomoni mwa duara. Alivaa buti, akaishia kwangu, chai ikapoa mkononi.

"Mwoga huyu," Mama Limi aliniambia. Nilikasirika.

Jumamosi ya tatu wakiwa kibandani, fundi aliwasha karasha. Jilala akajikuta chini ya meza, mikono kichwani, akiita, "Soste! Nipe mkono, Soste!" Mama Limi alitoka mbio akaizima mashine mwenyewe, kisha akarudi kuketi sakafuni karibu naye.

"Jilala, nisamehe. Nakusukuma mbele, kumbe bado uko shimoni."

"Kwa hiyo mimi ni kichaa?"

"Hapana. Umeumia. Mimi nafundisha mbio wenye miguu mizima. Mguu uliovunjika unapelekwa hospitali."

Jumatatu alimsindikiza Kahama kwa muuguzi wa afya ya akili. Jilala anasema yule muuguzi hakumuuliza habari za Jumamosi. Alimuuliza analalaje, anaota nini, Sostenes alikuwa mtu wa namna gani. Alilia sana, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Nafasi yake duarani ilikwenda kwa mwingine.

Kwa miezi mitano, kila Jilala alipokuja kunywa chai, Mama Limi alizima karasha. Wateja waliponung'unika, aliwaambia wapeleke mawe yao kwingine. Siku hizo nilimpenda sana.

Juzi Jilala aliingia kibandani mwenyewe. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama kwa Kisukuma. Duara halitaki tena, anataka kufuga mbuzi kwao Samuye.

"Kabla ya Jumamosi utafanya nini?"

"Nitajenga zizi."

Mama Limi aliandika huku akitabasamu. Nje karasha lilikuwa kimya, fundi akisubiri na mawe yake. Jilala akamtazama yule fundi.

"Mwambie awashe, Mama Limi," akasema. "Tunaweza kuendelea."